Kutuni ala kwa maikrofoni ya simu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kazi yangu ni kutengeneza na kutuni ala za muziki hapa Kisumu: magitaa ya bendi za benga, vinanda vya umeme vya makanisani, na nyatiti, zile ala za nyuzi za Waluo, zinazoletwa kutoka vijijini zikiwa na nyuzi zilizolegea au ngozi iliyopasuka. Siku hizi kila mteja anayeingia kibandani ana programu ya kutuni kwenye simu yake, na karibu kila mmoja ana swali kuihusu. Nimeyakusanya hapa yale yanayorudi kila wiki. Nimetumia neno maikrofoni badala ya kipaza sauti, kwa sababu kwetu kipaza sauti ni pia lile dude linalofungwa juu ya gari la kampeni, na hapa tunazungumzia kifaa kinachosikiliza, si kinachopiga kelele.

Simu inajuaje kwamba uzi huu ni A na wala si B?

Uzi ukipigwa hutetemeka, nao hutetemesha hewa, na hewa hiyo husukuma utando mdogo sana ulio ndani ya maikrofoni. Simu hupima mwendo wa utando huo mara 44,100 kwa kila sekunde, au mara 48,000 katika simu nyingine, na kila kipimo hukiandika kama namba. Kuanzia hapo simu haina muziki mbele yake, ina safu ndefu ya namba zinazopanda na kushuka, na kazi ya programu ni kutafuta safu hiyo hujirudia baada ya hatua ngapi.

Njia inayotumika sana ni kuinakili safu hiyo, kisha kuisogeza nakala hatua kwa hatua mpaka ioane tena na ile ya kwanza, jinsi fundi cherehani anavyosogeza kipande cha kitenge juu ya kingine mpaka maua ya huku yaangukie juu ya maua ya kule. Uzi wa tano wa gitaa, yaani A, hutetemeka mara 110 kwa sekunde, au hezi 110 kama wanavyosema wenye kupima. Gawanya 44,100 kwa 110 upate karibu 401. Basi nakala ikisogezwa hatua 401, maua yanaoana. Yakioana kwenye hatua ya 400, uzi uko hezi 110.25, na unahitaji kulegezwa kidogo.

Kwa nyuzi nyembamba hesabu ni ngumu zaidi. Uzi wa kwanza, E ya juu, una hezi 329.63, na mrudio wake mmoja huchukua karibu hatua 134 tu, kwa hiyo kukosea hatua moja ni kukosea kama senti 13 (kipimo kidogo cha noti, nakieleza hapa chini), kosa ambalo mwanakwaya mzoefu hulisikia. Ndiyo sababu programu iliyoandikwa vizuri hukadiria hata sehemu ya hatua.

Kuna njia nyingine, ile ya mwanahisabati Mfaransa Fourier, inayotenganisha sauti katika mitetemo yake yote na kuonyesha upi una nguvu. Inapendeza kuitazama kwenye kioo, lakini ikitumiwa peke yake haifai sana kwa nyuzi nene. Programu ikichukua vipimo 4,096 kwa mkupuo, hutenganisha sauti kwa ngazi za karibu hezi 10.8, ilhali kutoka E ya uzi wa sita (hezi 82.41) hadi F inayoifuata (hezi 87.31) hakufiki hata hezi 5. Noti mbili zinaingia katika ngazi moja.

Senti ni nini, na ni ngapi zinazovumilika?

Oktavu moja, yaani kutoka noti hadi noti ya juu yake yenye herufi ileile, imegawanywa katika hatua 12 ziitwazo nusu toni, na kila nusu toni ina senti 100, sawa kabisa na shilingi yetu. Kipimo hiki kilitungwa na Mwingereza Alexander Ellis, aliyekieleza mwaka 1885 alipokuwa akilinganisha ngazi za muziki za mataifa mbalimbali, na faida yake ni kwamba senti tano ni tofauti ileile kwa sikio iwe kwenye besi au kwenye filimbi, ilhali hezi tano kwenye besi ni nyingi mno na kwenye filimbi karibu si kitu.

Mimi humaliza kazi ndani ya senti mbili tatu. Anayepiga nyumbani akiwa ndani ya senti tano hana haja ya kuhangaika, na zaidi ya senti kumi hata jirani ataanza kulalamika. Saa ya ndani ya simu yenyewe si tatizo: kosa lake huwa ni sehemu chache tu katika milioni, ilhali senti moja ni karibu sehemu 578 katika milioni. Kama vipimo vinayumba, sababu iko kwingine.

Mbona mshale unaruka-ruka bila kutulia?

Tafuteni kwanza maikrofoni ilipo. Katika simu nyingi ni kile kitundu kidogo kilicho chini, karibu na mahali pa kuchajia, na mara nyingi nakikuta kimezibwa na kava au na unga wa mfukoni. Elekezeni upande huo kwenye ala, kwa umbali wa kama shubiri moja.

Baada ya hapo, pigeni uzi mmoja tu, taratibu, na mzizuie kwa kiganja nyuzi nyingine. Uzi ukipigwa kwa nguvu huvutika, na mwanzoni husoma juu ya noti yake kabla ya kushuka na kutulia. Anayefuata mshale katika ile nusu sekunde ya kwanza hulegeza uzi ambao haukuwa na kosa. Subirini kidogo ndipo msome.

Kelele za nje ni suala la tatu. Pikipiki za Kondele zinasumbua, lakini zinapita. Kinachonishinda mimi ni mvua juu ya mabati, kwa sababu inamwaga mitetemo ya kila namna kwa pamoja, na hapo hakuna programu ya maikrofoni inayoweza kusoma lolote. Siku hizo natumia kifaa cha kubana kwenye kichwa cha gitaa, ambacho husoma mtetemo wa mbao moja kwa moja bila kupitia hewani.

Sijagusa ala yoyote, lakini programu inaonyesha G. Inasikia nini?

Inasikia umeme. Umeme wa Kenya huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, yaani hezi 50, na transfoma ya amplifaya au ya taa za mirija hunguruma mara mbili ya hapo, hezi 100. Noti ya G iliyo karibu hapo ina hezi 98, hivyo mngurumo huo husomeka kama G iliyopanda kwa senti 35. Ukiona G ya namna hiyo, iliyoganda bila kutikisika, zima amplifaya uone kama inatoweka. Katika kanisa moja tulihangaika asubuhi nzima na uzi mmoja wa gitaa la besi kabla hatujagundua kwamba programu ilikuwa inasoma friji ya soda iliyokuwa nyuma ya ukuta.

Mshale unasoma kwa sekunde moja, kisha unakufa ilhali uzi bado unalia. Simu imeharibika?

Haijaharibika, inafanya kazi iliyofundishwa, nayo ni kupiga simu. Simu imetengenezwa ipende maneno na ichukie sauti isiyobadilika, kwa kuwa katika mazungumzo sauti isiyobadilika huwa ni feni au injini. Uzi unaolia kwa utulivu huchukuliwa kuwa kelele na kufifishwa. Programu nzuri huiomba simu izime uchujaji huo, pamoja na ule wa kuondoa mwangwi na wa kupandisha sauti yenyewe; kama katika mipangilio kuna mahali pa kuuzima, uzimeni. Msitumie vifaa vya masikioni vya bluetooth kwa kazi hii, kwa maana hubana sauti na kuichelewesha.

Nilifuata mshale vizuri, lakini uzi wa kwanza umekatika mara tatu. Nakosea wapi?

Kijana mmoja aliniletea swali hili akiwa ameshika nyuzi zote tatu mkononi. Nilimwomba anionyeshe anavyofanya. Alifunga uzi mpya, akakaza haraka, akaanza kutazama simu uzi ukiwa tayari umefika F. Kwa kuwa alitafuta E na hakuiona, alifikiri bado hajafika, akaendelea kukaza: F, G, karibu A, na uzi ukamrukia shavuni. E aliyokuwa akiitafuta alikuwa ameipita kwa nusu toni moja tu.

Herufi za noti hujirudia katika kila oktavu, na programu inayoonyesha herufi peke yake haikwambii uko oktavu gani. Tumieni inayoonyesha hezi pia. Namba za gitaa la kawaida, kutoka uzi mnene, ni 82.41, 110, 146.83, 196, 246.94 na 329.63, ziandikeni ndani ya kifuniko cha boksi la gitaa.

Wakati mwingine kosa ni la programu. Wimbi linalojirudia kila hatua 401 hujirudia pia kila hatua 802, na programu dhaifu huweza kuchukua mrudio wa pili badala ya wa kwanza, ikakupa oktavu ya chini. Mwaka 2002 Alain de Cheveigné na Hideki Kawahara walichapisha utaratibu unaoitwa YIN, ambao huangalia tofauti kati ya wimbi na nakala yake badala ya kufanana kwao, na kwa njia hiyo hupunguza sana makosa ya aina hii. Programu nyingi za sasa zimejengwa juu yake au juu ya jamaa zake.

Gitaa la besi halisomeki kwenye simu yangu.

Uzi wa nne wa besi una hezi 41.2, na maikrofoni nyingi za simu hazisikii vyema huko chini. Programu bado inaweza kuupata kwa sababu uzi hautoi mtetemo mmoja tu, hutoa pia 82.4, 123.6, 164.8 na kuendelea, na pengo kati ya hiyo ni lilelile 41.2. Sikio letu hufanya vivyo hivyo, la sivyo tusingesikia besi yoyote kupitia spika ndogo za matatu. Ikishindikana, gusa uzi kwa wepesi juu ya chuma cha 12 kati ya vile vilivyolala kwenye shingo ya gitaa, upige, uachilie kidole: utapata oktavu ya juu, safi, inayosomeka.

Simu mbili zinatofautiana. Ipi inasema kweli?

Angalia A ya kipimo, iliyo oktavu mbili juu ya ile ya uzi wa tano wa gitaa, imewekwa ngapi. Kiwango cha kimataifa ni hezi 440, kilichothibitishwa katika ISO 16 ya mwaka 1975, lakini ni makubaliano tu. Ufaransa iliweka 435 kwa sheria mwaka 1859. Programu nyingi huruhusu kubadilisha namba hiyo, na watoto hupenda kubonyeza. Iliyowekwa 432 itatofautiana na ya 440 kwa karibu senti 32 katika kila uzi.

Mpangilio huu una manufaa yake. Wanaojifunza benga kwa kufuatisha kanda za zamani hukuta gitaa lao halikubaliani na kanda hata likiwa sawa kabisa kwenye simu. Kanda huzungushwa na mota, na mota ikienda haraka kidogo, bendi nzima hupanda. Msigombane na kanda. Badilisheni A mpaka noti moja mnayoijua isomeke katikati, tuseme 448, kisha tunini gitaa kwa kipimo hicho, na mkimaliza mazoezi rudisheni 440. Kama kinanda cha umeme kinatofautiana kwa senti 100 kamili, kuna mtu amebonyeza kitufe cha kuhamisha kii, kile kinachopandisha au kushusha noti zote kwa pamoja.

Nyuzi zote ziko katikati ya mshale, lakini nikipiga noti tatu kwa pamoja kuna kitu kinauma.

Yapo mambo mawili. La kwanza ni la gitaa lenyewe: pima uzi wazi, kisha uubonyeze kwenye chuma cha 12, ikiwa noti hiyo ya pili si oktavu kamili, daraja la gitaa linahitaji kusogezwa, na hakuna kukaza kutakakokusaidia. La pili ni la mfumo mzima wa nusu toni 12 zinazolingana. Kutoka do hadi mi, sikio hupenda senti 386, ilhali gitaa na kinanda hutoa 400. Kwaya isiyofuata kinanda huteremka yenyewe hadi mahali patamu, na hapo mwalimu mwenye simu mkononi huwaambia wameshuka. Mimi nasema awaache.

Kuhama kutoka Kisumu hadi Nakuru kunaharibu tuni? Ni kwa sababu ya mwinuko?

Tuni huharibika kweli, lakini mwinuko hauna hatia. Kisumu iko kama mita 1,130 juu ya usawa wa bahari na Nakuru kama mita 1,850, na hewa nyepesi haibadilishi mwendo wa sauti. Joto ndilo hubadilisha. Filimbi na tarumbeta hupanda kwenye joto: kati ya nyuzijoto 20 na 30 tofauti kinadharia ni karibu senti 29, ingawa pumzi ya mpigaji hupunguza pengo hilo. Nyuzi za chuma hufanya kinyume, hurefuka kwa joto na kushuka. Bendi iliyotuni mchana ufukweni Dunga na kupiga usiku Nakuru itakuta tarumbeta imeshuka na gitaa limepanda, kila mmoja akimlaumu mwenzake. Fungueni maboksi nusu saa kabla ya kuanza.

Je, programu hizi zinafaa kwa nyatiti?

Zinafaa kupima, hazifai kuamua, na hapa nawaomba mnivumilie kwa urefu.

Nyatiti ina nyuzi nane, ambazo siku hizi ni za nailoni kama ya kuvulia samaki na zamani zilikuwa za mishipa ya ng'ombe. Hazikufungwa kwa skrubu, zimezungushwa kwenye mti wa juu pamoja na vipande vya kitambaa au kamba, na unatuni kwa kukizungusha kile kifundo kwa nguvu ya vidole. Kifundo kikitulia, hurudi nyuma kidogo. Kwa hiyo mimi hukipitisha juu ya noti kwa upana wa nywele, hukiacha kirudi, kisha ndipo hupima. Nailoni mpya huendelea kurefuka kwa siku kadhaa, na anayetuni mara moja na kuondoka hajatuni.

Tatizo kubwa ni mshale. Programu ya kawaida inajua noti 12 tu, na kila inachokisikia hukivuta hadi kwenye iliyo karibu. Mpigaji wa nyatiti hakuanza na A ya hezi 440; alianza na koo lake. Nyuzi huwekwa mahali ambapo mwimbaji anaweza kuimba usiku kucha bila kukwaruza, na mapengo kati yao hutoka kwa aliyemfundisha. Mzee mmoja aliniletea nyatiti iliyokuwa imerekebishwa na mjukuu wake kwa simu, kila uzi ukiwa katikati ya mshale. Aliipiga mara mbili, akaiweka chini, akaniambia kwa upole kwamba chombo hicho sasa kinazungumza lugha ya shule.

Ninavyofanya ni hivi. Namwomba mwenye nyatiti aitune mwenyewe kwa sikio, siku ambayo sauti yake ni nzima. Kisha natumia programu inayoonyesha hezi, napima kila uzi mara tatu, naandika. Tuseme uzi mmoja umetoka 187 na mwingine 250: pengo lao ni karibu senti 503, takriban ule mruko wa do hadi fa. Uzi mwingine huenda ukaangukia katikati ya noti mbili za kinanda, nami nauandika ulivyo, bila kuusahihisha. Karatasi hiyo inabaki ndani ya nyatiti. Uzi ukikatika akiwa safarini, mwanafunzi yeyote mwenye simu anaweza kuurudisha mahali pake penyewe.

Wakati wa kupima, mpigaji avue oduong'o, ile pete ya chuma ya kidole gumba cha mguu anayogongea mdundo, na njuga pia. Kila pigo la chuma juu ya mti huonekana kwenye maikrofoni kama mlipuko, na programu hupoteza uzi uliokuwa unasomwa.

Haya yote yanahusu pia litungu ya Wabukusu na obokano ya Wagusii. Sauti ya obokano ni nzito zaidi, kwa hiyo kumbukeni niliyosema kuhusu besi.

Na orutu?

Ina uzi mmoja, nao hufuata sauti ya mwimbaji. Simu inafaa kwa jambo lingine: mwanafunzi avute upinde polepole na atazame kama kidole chake kinarudi mahali palepale kila mara, kwa maana hakuna chuma cha kumwongoza.

Ngoma za isukuti zinaweza kupimwa?

Mshale utazunguka bila kutua. Mitetemo ya uzi hupangana kwa mara mbili, mara tatu, mara nne ya ule wa msingi, na mpangilio huo ndio unaofanya wimbi lijirudie sawasawa. Ngozi iliyowambwa haipangiki hivyo. Katika ngozi ya duara mtetemo wa pili ni takriban mara 1.59 ya wa kwanza, na wa tatu mara 2.14, kwa hiyo hakuna mrudio safi wa kushika. Wapigaji wa Isukha na Idakho huipasha ngozi joto juani au kando ya moto mpaka ikauke na kukaza, wakiijaribu kwa kiganja. Simu iacheni mbali na moto huo.